Pointi 30 za shindano la mitupo si vikapu 10

Kuna ujumbe haukomi kuzunguka kwenye makundi sogozi: eti bingwa wa shindano la pointi tatu katika ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA) akipata 30, amefunga vikapu 10 tu, kwa hiyo sifa zake zimetiwa chumvi.

Si kweli. Humo mpira wa kawaida ni pointi 1. Vituo vya kutupia ni 5, kila kimoja mipira 5. Katika vinne, mpira wa mwisho, wenye rangi tofauti, ni pointi 2. Katika kile anachochagua mchezaji, yote ni ya 2. Tangu 2020 kuna miwili ya mbali zaidi, pointi 3 kila mmoja. Jumlisha mwenyewe: vituo vinne 24, cha kuchagua 10 na mipira ya mbali 6, yaani 40 kwa mipira 27, ndani ya sekunde 70. Mwenye 30 amefunga vikapu visivyopungua 17.

Jina la shindano ndilo linalochanganya, maana kwenye mechi mtupo huo kweli ni 3. (Wanaosema hapa hakuna beki wa kukukaba wana hoja, ila hiyo ni mada nyingine.) Tazama raundi nzima ukifuata ubao wa matokeo, na ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.