Usahihi wa asilimia 99 si uhakika wa asilimia 99

Wengi huamini kwamba kipimo cha damu ya mjamzito, kinachotajwa kuwa na usahihi wa asilimia 99 na kufanywa kuanzia wiki ya 10, kikionyesha uwezekano mkubwa wa sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu 21 ya ziada), basi mtoto anayo. Lakini kipimo hiki huchuja tu, hakithibitishi. Vinasaba vya ujauzito vinavyosomwa katika damu hiyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na kondo linaweza kutofautiana na mtoto.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kati ya wajawazito 10,000 wenye umri mdogo, 10 wamebeba watoto wenye sindromu hiyo. Kipimo kitawabaini karibu wote. Kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000 waliobaki, kitaongeza wengine 10 hivi: nusu ya majibu ya uwezekano mkubwa si kweli. Kwa mama wa miaka 40 makosa hupungua uzito, maana sindromu yenyewe hutokea zaidi.

Uthibitisho huhitaji chembe za kondo (wiki ya 11 hadi 14) au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na hapo kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Kumharakisha mama aamue jambo zito kwa karatasi ya mchujo pekee ni kumkosea. Kabla ya kutolewa damu, uliza: kwa umri wangu, majibu mangapi ya namna hii huthibitika? Kukataa kipimo nako ni haki yako.