Njaa ya retina: maswali na majibu kuhusu upofu wa kurithi

Kwa nini retina inahitaji nishati nyingi?

Ni utando mwembamba nyuma ya jicho, ila kwa uzito wake ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote mwilini. La kushangaza, seli za kuonea huhangaika zaidi gizani. Mwanga ukitoweka, milango ya sodiamu hufunguka, na pampu za seli hufanya kazi mfululizo kuitoa nje. Isitoshe, kila siku karibu sehemu moja ya kumi ya ncha ya seli humeguka, na lazima ijengwe upya.

Nishati hiyo hutoka wapi?

Zaidi kwenye glukosi. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa retina huigeuza kuwa laktati (asidi ya maziwa) hata oksijeni inapokuwepo. Laktati hiyo huliwa na tabaka la seli zenye rangi lililo jirani, nalo huiachia glukosi ipite kutoka kwenye damu hadi kwa seli za kuonea.

Nina retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za kuonea polepole. Jeni yangu mbovu inahusu fimbo tu. Mbona na koni zinakufa?

Hapa ndipo penye kiini. Fimbo, seli za kuonea gizani, ni takriban milioni 120. Koni, za rangi na za kusomea, ni kama milioni 6. Mgonjwa huanza kujikwaa magharibi ikiingia, baadaye huona kama anayechungulia ndani ya bomba. Fimbo hutoa protini iitwayo RdCVF, inayozisaidia koni kuvuta glukosi. Fimbo zikiisha, koni hufa njaa huku damu ikiwa na sukari tele.

Basi nile sukari zaidi?

Hapana. Sukari ipo, haiingii kwenye seli. Wala usinywe vidonge vya vitamini A bila daktari: kwa wenye ugonjwa wa Stargardt, maradhi mengine ya kurithi ya retina, vinaweza kudhuru.

Tiba ipo?

Luxturna, tiba ya jeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Hudungwa chini ya retina, lakini ni kwa wenye hitilafu ya jeni RPE65 pekee, na seli ziwe bado hai. Jeni zinazoleta maradhi haya ni nyingi mno kuzitengenezea dawa moja moja. Ndiyo maana natamani sana njia ya kuzilisha koni ifaulu: haijali ni jeni ipi iliyoharibika. RdCVF tayari inajaribiwa kwa binadamu. Kwa sasa, omba kipimo cha jeni mapema, koni zako zingali hai.