Sindano za Kichina kama kinga ya kipandauso: maana yake nini?

Kipandauso ni maumivu ya kichwa yanayodunda, mara nyingi upande mmoja, yakiandamana na kichefuchefu na kutovumilia mwanga au kelele. Yasipotibiwa huweza kudumu saa 4 hadi 72. Wenye kuandamwa nayo hupewa dawa za kinga kila siku, na wengine hujaribu akupancha, yaani sindano za Kichina.

Kinga hapa haina maana ya kuponya, wala ya kukata maumivu yaliyokwisha kuanza. Lengo ni kupunguza siku za kuumwa. Aliyekuwa akiumwa siku sita kwa mwezi akishuka hadi tatu, huhesabiwa kuwa tiba imemfaa.

Sindano zenyewe ni nyembamba na hazina dawa. Huchomwa kisogoni, kwenye panja, baina ya kidole gumba na cha shahada, hata miguuni, kisha huachwa kama dakika 20 au 30. Kikao kimoja hakitoshi. Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unataja hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, iwapo dawa za kinga topirameti na propranololi hazifai au zimeshindwa. Na kutofaa si jambo la nadra: mwenye pumu hapewi propranololi, na topirameti huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Je, zinasaidia? Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 22 yenye watu karibu 5,000. Marudio ya maumivu yalipungua kwa nusu au zaidi kwa watu 41 katika kila 100 waliochomwa, dhidi ya 17 wasiochomwa. Lakini zilipolinganishwa na sindano za kuigiza, zilizochomwa juujuu au nje ya vituo, yaani sehemu maalumu za mwili zinazolengwa na akupancha, ilikuwa 50 kwa 41. Pengo dogo hilo! Kwa maoni yangu, linatia shaka nadharia ya vituo na njia za "qi", nguvu ya uhai inayosemekana kupita mwilini, kuliko linavyoitia shaka nafuu ya mgonjwa, kwa sababu dhidi ya dawa za kinga, baada ya miezi mitatu, sindano hazikuwa nyuma: 57 kwa 46.

Madhara kwa kawaida ni madogo: kuvilia damu, kizunguzungu. Dai sindano mpya zinazofunguliwa mbele yako, na usiache vidonge bila kumwambia daktari. Kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au ulimi ukawa mzito na mkono ukalegea, nenda hospitali mara moja.