Ukimpa mwanao aliye mtu mzima shamba, andika

Mzazi akiniuliza kama analazimika kumsaidia mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, naanza na sheria kwa sababu jibu lake ni fupi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na wajibu wa kumtunza kwa kawaida unafuata umri huo. Baada ya hapo yanabaki mapenzi ya mzazi na mila za ukoo.

Mimi naunga mkono kusaidia. Kijana wa Mufindi au Njombe ataanzia wapi bila ardhi ya wazazi? Lakini mimi ni wakili wa mirathi hapa Mbeya, na magomvi mengi yanayofika mezani kwangu yalianzia kwenye msaada uliotolewa kwa upendo, bila karatasi.

Chukua baba mwenye ekari 6. Kijana wake wa pili amemaliza chuo, ajira hakuna. Baba anamwonyesha ekari 2: "Lima hapa, mwanangu." Kijana anapanda paina, au miche ya parachichi iliyobebeshwa (iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine), anapalilia, anaweka mbolea. Parachichi la namna hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Paina inataka miaka zaidi ya 10 ndipo ifae kwa mbao. Katikati ya safari hiyo baba anafariki. Kwenye kikao cha ukoo kaka mkubwa anauliza: baba alikupa, au alikuazima?

Kijana anasema ni langu, nimelihudumia mwenyewe. Mama anakumbuka "lima", hakumbuki "nimekupa". Dada anataka ekari hizo zihesabiwe kuwa ndiyo sehemu ya urithi ya huyo kijana, asipewe nyingine. Na miti je? Ardhi inaweza kuwa ya marehemu na miti ikawa ya aliyeipanda, na wazee wetu wanaielewa vizuri tofauti hiyo. Kazi ni kuithibitisha mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, ilhali aliyetamka maneno hayo yuko kaburini.

Kwa hiyo sema mapema unachofanya: unaazima, unakopesha, unatoa zawadi moja kwa moja, au unamtangulizia urithi wake. Hilo la mwisho ndilo linalovunja undugu likifichwa. Andikeni mipaka ya shamba na majina ya majirani, tarehe, na mwenye miti ni nani. Wasaini wazazi wote wawili, kijana, na mashahidi wa nje ya familia. Watoto wengine wasomewe wakiwapo. Kama ardhi ni ya kijiji na mmeitoa moja kwa moja, nendeni halmashauri ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kijana.

Kwenye fedha taslimu nina ukali zaidi. Mstaafu akipata mafao yake kwa mkupuo, mtoto mmoja anaomba bodaboda, mwingine mtaji wa fremu ya duka pale sokoni Mwanjelwa. Tengeni kwanza chakula na matibabu yenu wawili; kinachobaki ndicho cha kugawa. Nyumba mnayoishi msiiweke rehani kwa mkopo wa mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mama akikataa kusaini asiitwe mkorofi.

Linaloniuma kuliko yote ni la mabinti. Wa kiume anasaidiwa kwa shamba, wa kike kwa vyombo vya harusi. Ndoa ikivunjika anarudi nyumbani na kukuta ekari zimeisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Siku mnayokwenda kumpimia kijana ekari zake, nendeni na dada yake, naye aonyeshwe zake, na jina lake liingie kwenye karatasi ileile.