Je, Wajua Kwa Nini Saratani Mbili za Tezi za Mate Zinazofanana Huweza Kuwa na Hatima Tofauti?

Mwanadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotawanyika kinywani na kooni. Saratani inayoanzia humo ni adimu, lakini imegawanyika katika aina zaidi ya 20, na kila aina ina tabia yake. Inayotatiza zaidi utabiri wa madaktari ni karsinoma ya adenoidi-sistiki. Hukua polepole, hupenya kwa kufuata neva, na inaweza kuibuka kwenye mapafu miaka 10 au zaidi baada ya uvimbe wa kwanza kuondolewa. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichozoeleka cha kuhesabu walio hai baada ya miaka 5 hakitoshi hapa, kwani wengi huvuka miaka hiyo mitano na ugonjwa ukarejea baadaye.

Mtaalamu wa patholojia anapokiweka kipande cha uvimbe chini ya hadubini, hutazama jinsi seli zilivyojipanga. Zikiwa zimeunda vijibomba au matundu kama ya chekeche, matarajio huwa mazuri kiasi. Zikiwa zimeshikamana kuwa mafungu yasiyo na nafasi, na mafungu hayo yakazidi asilimia 30 ya uvimbe, uvimbe huwekwa katika daraja la juu, lenye hatari zaidi. Hata hivyo, wagonjwa wawili wenye daraja moja na ukubwa mmoja wa uvimbe bado wanaweza kutofautiana, mmoja akaishi miongo miwili na mwingine akazidiwa mapema.

Ungetarajia jibu lipatikane katika mabadiliko ya herufi za DNA. Lakini uchunguzi wa jenomu (jumla ya DNA) za saratani hii uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mabadiliko ya aina hiyo ni machache sana ukilinganisha na saratani nyingine nyingi. Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba sehemu kubwa ya jeni zilizoharibika ni zile zinazosimamia namna DNA inavyofungashwa na kufunguliwa ndani ya seli. Hapo ndipo epijenetiki inapoingia, yaani elimu ya alama zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze, bila kugusa herufi zenyewe.

Alama iliyochunguzwa zaidi ni methili, kikundi kidogo cha atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, kinachobandikwa kwenye herufi ya DNA iitwayo sitosini pale inapofuatwa na herufi ya guanini. Methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, mahali pa kuiwashia, hufanya kazi ya komeo mlangoni: vilivyomo chumbani viko salama, ila hakuna anayeingia. Jeni inayofungwa hivyo ikiwa ni ya kuzuia seli isigawanyike ovyo, kama RASSF1A au ile inayotengeneza protini ya p16, seli hupoteza breki zake ingawa jeni yenyewe haina kasoro yoyote. Jeni hizo mbili zimekutwa zimefungwa katika baadhi ya saratani za tezi za mate.

Mwaka 2011, watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson kilichoko Houston, Marekani, walieleza kwamba methili kwenye jeni ya EN1, ambayo kwa kawaida huongoza ukuaji wa kiumbe tumboni, ilihusiana na daraja la uvimbe, mahali ulipo na hatima ya mgonjwa. Alama kama hiyo si lazima iwe ndiyo chanzo cha ukali wa ugonjwa. Yatosha iambatane nao kwa uaminifu. Zipo pia alama za histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa, na baadhi yake zimehusishwa na uvimbe wenye tabia mbaya zaidi.

Kuzisoma methili hakuhitaji tishu mbichi. Kipande kilicholowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na kugandishwa ndani ya nta kinaweza kukaa kabatini miaka mingi, na methili zikabaki mahali pake. Fundi wa maabara hukata utando mwembamba, hutoa DNA, kisha huitia bisulfaiti. Kemikali hiyo huigeuza sitosini isiyo na methili, ambayo baadaye husomwa kama herufi nyingine, thimini, lakini haiigeuzi kwa urahisi ile yenye methili. Kwa kulinganisha herufi za kabla na za baada, hujulikana ni wapi palipofungwa.

Katika uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma, methili za jeni ya MGMT zilionyeshwa mwaka 2005 kuwa zinaashiria nani atanufaika na dawa ya temozolomaidi, na kipimo hicho sasa hutumika hospitalini. Tezi za mate hazijafika huko. Wagonjwa ni wachache, kila kituo kina sampuli zake chache, na kuthibitisha alama ya ugonjwa unaorejea baada ya mwongo mzima kunadai kuwafuatilia watu kwa muda huohuo. Alama ikithibitishwa, itamsaidia daktari kuamua ni nani, baada ya upasuaji na mionzi, anayestahili kupigwa picha za mapafu mara kwa mara kwa miaka mingi, na ni nani anayeweza kuonwa kwa nafasi zaidi.