Uvimbe wa sentimita 8 unapitaje kwenye tundu la sentimita 1?

Swali hili naulizwa kila mara kliniki, ninapoeleza kwamba fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, tunaweza kuutoa kwa matundu madogo tumboni, na mara nyingi si na mgonjwa bali na mume au mama mzazi aliyemsindikiza. Wana haki ya kuuliza.

Mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, tunajaza tumbo hewa ya kaboni dioksaidi ili ukuta wake uinuke, tupate pa kufanyia kazi. Kamera huingilia kitovuni, vifaa vingine kwenye matundu mawili matatu ya pembeni. Tunachoma dawa ya vasopresini kwenye kizazi ili mishipa ibane na damu isimwagike ovyo, halafu tunapasua juu ya uvimbe. Fibroidi ni nyeupe na ngumu. Ukishaupata mpaka wake na nyama ya kizazi, inabanduka bila ubishi.

Kuitoa nje ndiyo kazi. Tunaitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki humo humo tumboni, mdomo wa mfuko tunauvuta nje kupitia kitovu, kisha tunaikata kwa kisu ukanda mrefu unaozunguka, kama anayemenya chungwa bila kukata ganda. Zamani ilikuwa ikisagwa wazi tumboni kwa mashine. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo, kwa kuwa mara chache kinachodhaniwa fibroidi huwa ni saratani, na kusaga huko huisambaza. Mimi bila mfuko sikati.

Ila ukitaka kumpima daktari, achana na ukubwa wa tundu. Muulize atashonaje. Shimo uliloacha uvimbe hushonwa tabaka kwa tabaka, maana kovu hilo ndilo litakalovutika mimba ikikua. Ndiyo maana tunakwambia usubiri miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na pengine ujifungue kwa upasuaji.

Uvimbe uliochomoza ndani ya chumba cha kizazi hauhitaji tundu lolote. Tunaufuata kwa kupitia ukeni. Mwenye fibroidi kumi na kitu zilizojichimbia kila upande, huyo namshauri upasuaji wa kawaida wa kufungua tumbo. Vidole hugundua vinundu ambavyo kamera haivioni.

Wengi huruhusiwa kesho yake. Bega likiuma siku mbili tatu usishtuke, ni mabaki ya ile hewa yanachokoza kiwambo cha kupumulia. Lakini ukipata homa, au tumbo likizidi kuuma badala ya kupoa, usinitumie ujumbe. Njoo hospitali.