Mzio wa embe ni nini, na mbona midomo huvimba siku mbili baadaye?

Kabla hospitali hazijalichukua, neno mzio lilikuwa la jikoni: chakula ambacho mtu fulani hakigusi kwa sababu kinamdhuru, hata kama wenzake wa sinia moja wanakila bila shida. Huyu mzio wake pweza, yule mzio wake mayai. Siku hizi Dar wengi husema "aleji", lakini maana ya zamani haikuwa mbali. Kitaalamu, mzio ni kinga ya mwili kukurupuka: inakutana na kitu kisichowadhuru walio wengi, inakidhania adui, inakishambulia, na shambulio lenyewe ndilo linalomuumiza mwenye mwili.

Kwa embe, kinga hukurupuka kwa njia mbili zisizofanana, ila zimepewa jina moja. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika: mwenye vipele mdomoni anatishwa kwamba koo litaziba, na yule ambaye koo linabana kweli anapewa krimu ya kupaka. Cha kuangalia kwanza si ukubwa wa uvimbe. Ni saa: amekula lini, na imeanza lini.

Ule wa polepole: utomvu na ganda

Chukua embe dodo lililochumwa sasa hivi, uvunje kikonyo. Yanaruka majimaji membamba yenye harufu kali, kisha unafuata utomvu unaochirizika taratibu. Ile michirizi myeusi unayoiona kwenye maganda ya maembe ya Kariakoo au Buguruni ni utomvu huohuo uliokauka.

Ndani yake mna mafuta yaliyo ndugu wa yale ya ganda la korosho. Si ajabu, maana mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, pamoja na embe ng'ong'o. Waliowahi kubangua korosho kwa mikono kule Mtwara na Lindi wanajua mafuta yale yanavyochubua vidole. Mtu ambaye ngozi yake ilishayakataa mafuta ya korosho anaweza kupata vipele kwenye embe lake la kwanza la msimu.

Mzio huu hauna haraka. Hujitokeza kati ya saa 12 na 72 baada ya kugusa. Mtoto amekula embe Jumamosi mchana, Jumatatu asubuhi anaamka midomo imejaa, na mama anatafuta kosa kwenye samaki wa Jumapili usiku. Ndiyo maana mtu anaweza kula maembe misimu mitatu mfululizo, akaugua yote mitatu, asilishuku embe hata mara moja.

Dalili zake ni muwasho mkali, wekundu (kwa ngozi nyeusi unaweza kuonekana kama weusi uliokolea), na malengelenge madogo yanayotoa maji. Hukaa pale maji ya embe yalipopita: pembe za midomo, kidevu, mashavu. Kwa anayemenya hutokea katikati ya vidole, na mara nyingi kwenye kope, kwa sababu mkono uliomenya ndio uliofikicha jicho. Bila tiba hudumu wiki moja hadi tatu, kisha ngozi hubanduka na kuacha baka ambalo huchukua muda zaidi kufifia.

Mafuta hayo yamejaa zaidi kwenye ganda na karibu na kikonyo. Nyama ya embe lililoiva ina kidogo sana. Kwa hiyo ulaji wenyewe una neno. Anayelibonyeza embe likalainika, akalitoboa kwa meno na kulifyonza, anapaka midomo yake utomvu kana kwamba ni mafuta ya mgando. Anayekula vipande vilivyomenywa na mtu mwingine huenda asipate kitu. Embe bichi la chumvi na pilipili, likikatwa na ganda lake, ni baya zaidi, na lawama zote hubebeshwa pilipili.

Vinavyofanana nao lakini sio

Utomvu unaoruka wakati wa kuchuma huweza kuunguza ngozi ya mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao. Huo ni mchomo: unauma zaidi ya kuwasha, huanza mapema, na alama yake hufuata mstari wa tone lilivyoteremka. Vipele vya joto vya Desemba hadi Machi huja msimu uleule wa maembe, lakini hukaa shingoni, mgongoni na kwapani. Malengelenge ya homa hujikusanya kishada kimoja upande mmoja wa mdomo, na hurudi palepale. Kuharisha baada ya kula maembe sita kwa mpigo si mzio. Ni tumbo kuzidiwa.

Ule wa haraka

Huu ni adimu kuliko wa kwanza, lakini ndio unaoua. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Ulimi na kaakaa huwasha, midomo hujaa papo hapo, mwili hutoka mabaka yaliyoinuka kama aliyepakwa upupu. Ukiishia hapo, ni afadhali. Hatari ni pale sauti inapokauka, kifua kinapolia, mtu anapotapika mfululizo au kusikia kizunguzungu na kulegea. Dalili za sehemu mbili za mwili kwa pamoja, tuseme ngozi na kupumua, zitoshe kukutoa nyumbani. Mwenye pumu yuko kwenye hatari zaidi.

Kinga hapa inakataa protini za tunda lenyewe, si mafuta ya ganda. Kumenya vizuri hakusaidii, na kupika si kinga ya kuaminika: juisi ya paketi na jamu huweza kuleta yaleyale. Baadhi ya wenye mzio huu huwashwa pia na ndizi, parachichi au papai, na vilevile na mpira: glovu, maputo, kondomu. Ukiwa miongoni mwao, mwambie daktari wa meno au mkunga kabla hajavaa glovu.

La kufanya

Kwa ule wa polepole, osha kwa sabuni na maji mengi mara tu unapogundua umegusa utomvu. Ukichelewa, mafuta yameshaingia. Safisha na chini ya kucha. Vipele vikishatoka, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, kisha paka krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, safu nyembamba mara mbili kwa siku, si zaidi ya siku saba, mbali na macho. Kwa mtoto mdogo uliza kwanza.

Makosa mawili hurudiwa kila msimu. La kwanza ni kupaka usoni zile krimu za "mchanganyiko" zinazouzwa madukani kama dawa ya kila upele. Nyingi zina dawa kali kama klobetasoli au betamethasoni. Muwasho hukata siku mbili, halafu ngozi ya uso hukonda na kuota chunusi. La pili ni kumeza vidonge vya mzio kama setirizini au piritoni ukitarajia upele ukauke. Dawa hizo hupambana na mzio wa haraka. Kwa huu zinasaidia kidogo mno, na piritoni kazi yake kubwa ni kukulaza. Anayeendesha bodaboda asimeze piritoni mchana. Macho yakifumba kwa uvimbe, au upele ukienea, daktari ataamua kuhusu vidonge vya prednisoloni. Akisema wiki mbili, zisiwe siku tano, maana ukikatiza upele hurudi.

Kwa ule wa haraka wa mabaka na muwasho tu, mtu mzima humeza setirizini miligramu 10, mtoto wa miaka 6 hadi 11 miligramu 5, na haachwi peke yake kwa saa kadhaa. Kupumua kukiguswa, au mtu akipata kizunguzungu na kulegea, dawa ni moja: sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5. Sindano ya piritoni au ya haidrokotizoni si mbadala wake, kwa hiyo ukifika kituoni taja neno adrenalini waziwazi. Mlaze chali miguu ikiwa juu, au mkalishe kama anahema kwa shida; asisimamishwe ghafla. Kwa sababu hiyo bodaboda haifai kumbeba. Tafuta gari au bajaji, na kituo cha karibu chenye wahudumu kinatangulia hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya foleni. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kupima

Aina mbili, vipimo viwili. Mzio wa haraka hupimwa kwa kuchoma ngozi kidogo kwa sindano iliyoguswa kwenye tunda, au kwa damu. Wa polepole hupimwa kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni saa 48, vikasomwa vikitolewa na tena siku moja au mbili baadaye. Mwenye vipele vya mdomo akipimwa damu, majibu yatatoka safi naye ataambiwa hana mzio, kumbe amepimwa kisicho chake. Usijaribu nyumbani kwa kula "kidogo tu" kama uliwahi kubanwa kifua.

Kuishi nao

Mwenye mzio wa polepole hahitaji kuliaga embe. Lioshe kwa sabuni likiwa zima. Kata kipande cha upande wa kikonyo, unene wa kidole, utupe. Menya ganda kwa unene, osha kisu, ubao na mikono kabla ya kugusa nyama, halafu kata vipande na ule kwa uma. Kokwa mwachie mwingine. Bora zaidi, kazi yote ifanywe na mtu asiye na tatizo. Paka midomo mafuta ya mgando kabla ya kula, lakini usiyategemee peke yake.

Mwenye mzio wa haraka anaacha embe kabisa, na kazi yake kubwa ni kuuliza. Urojo huungwa ukali kwa embe bichi. Mchuzi wa samaki wa nazi pia. Kuna achari, kuna chatne ya bhajia, kuna kachumbari ya msimu. Kwenye vibanda vya juisi, blenda iliyosaga embe sasa hivi husuuzwa kwa maji kikombe kimoja na kutiwa parachichi. Kumwambia muuzaji "usiniwekee embe" hakutoshi hapo. Mwombe aoshe jagi kwa sabuni, na akisitasita, nunua dafu.